Tiki Moja Kwenye Folda ya Mihtasari

Jumatatu, 4 Novemba

Kaunta buku hili nililinunua niandike habari za mvua na shamba langu dogo, nijue mwaka huu pamba nimepanda lini na imeota lini. Ukurasa wa kwanza tu umeshachukuliwa na mtu. Anaitwa Harieth, ana miaka ishirini na sita, katokea Muleba, na ameletwa kwetu kwa mkataba wa miezi miwili aboreshe mfumo wa kumbukumbu. Meneja wetu, Bwana Onesphory, ambaye naye ni wa huko huko Kagera, alimtambulisha kwa hotuba. Mimi nilipoanza kazi kwenye umoja huu wa wakulima wa pamba, miaka kumi na tisa iliyopita, nilionyeshwa kiti nikaambiwa nikae.

Amepewa meza ya dirishani. Ilikuwa yangu. Mawingu yapo, mvua hakuna.

Jumanne, 5 Novemba

Nieleze kazi yangu, maana naona kuna watu hawaijui. Kila kikao cha umoja huu nimekiandika mimi. Makaratasi yaliharibika mwaka upepo ulipoondoa bati la stoo, ila nilikuwa nimeshayachapa yote, na yamo kwenye kompyuta ya ofisi, folda ya Mihtasari, faili elfu moja mia nne na kumi na mbili. Kila faili ina tarehe na ajenda kuu ya siku hiyo.

Sasa, wakulima hawaji na tarehe. Mtu anatoka Zagayu asubuhi na mapema, anafika hapa Somanda, Bariadi, na vumbi hadi kwenye nyusi, anasema anataka muhtasari wa mwaka tembo walipovuka kula mahindi, au mwaka trekta lilipozama mtoni. Mimi nafumba macho kidogo, napiga hesabu, namfungulia. Wananiita mama wa kumbukumbu. Hakuna chuo kinachofundisha jambo hilo.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo binti aliandika neno "pembejeo" kwenye kisanduku cha kutafutia. Zikaja faili nne. Akatikisa kichwa. "Mama Mayige, haiwezekani umoja wa wakulima useme pembejeo mara nne tu kwa miaka yote hii."

Mayige ni mwanangu wa kwanza, yuko Malampaka. Hapa ofisini wote wananiita kwa jina lake.

Akanivutia kiti nikae karibu naye, akawa ananieleza kila anachogusa. Kumbe kompyuta ilikuwa inatazama majina ya faili peke yake, ya ndani haisomi. Akafungua sifa za folda ya Mihtasari, akaingia sehemu ya ndani zaidi, akaweka tiki kwenye kiboksi kimoja kinachoruhusu maandishi ya ndani yasomwe. Halafu akaiongeza folda kwenye orodha ya zile zinazoandaliwa indeksi. "Sasa inajisomea yenyewe faili zote na kuweka kumbukumbu. Ikimaliza, ukiuliza inajibu palepale."

Nilimwuliza itachukua muda gani. Akasema labda mpaka kesho. Mimi ilinichukua miaka kumi na tisa.

Ijumaa, 8 Novemba

Imemaliza. Akaandika "tembo". Faili thelathini na moja, kufumba na kufumbua. Meneja alipiga makofi, kweli kabisa, mtu mzima na tai yake.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua ya kwanza, dakika kumi. Sijalala vizuri.

Jumanne, 12 Novemba

Mzee mmoja wa Zagayu, ambaye nimemhudumia tangu ana meno yote, ameingia na mfuko wa michembe. Kila mwaka viazi vyake vikikauka ananiletea. Nikaanza kunyoosha mkono. Akanisalimia kama mama yeyote, "Mwangaluka mayu," akanipita, akaenda dirishani. Harieth akamjibu Kisukuma alichojifunza juzi, kwa lafudhi ya kuchekesha, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Jibu lake lilipatikana kabla hajakaa. Michembe ikabaki kule.

Saa nne binti aliniletea sahani, "Karibu mama, ni mitamu sana." Nilisema tumbo linanisumbua. 

Nina wivu. Nimeliandika, liko hapo. Namwonea wivu kwa kiti, kwa dirisha, kwa mzee yule, na zaidi kwa jinsi asivyojua kama kuna kitu amechukua.

Jumatano, 13 Novemba

Kesho wajumbe wa bodi wanakuja kuonyeshwa maajabu. Harieth alitoka kwenda kula mchana. Nilikaa kwenye kiti chake, kiti changu, nikafungua sifa za folda ya Mihtasari, nikaingia kule ndani alikonionyesha mwenyewe, nikatoa tiki. Kompyuta ikauliza kama badiliko lizihusu na faili zote zilizomo. Nikabonyeza ndiyo.

Nikarudi kwenye meza yangu kabla hajarudi. 

Alhamisi, 14 Novemba

Wajumbe sita, soda, karanga. Harieth akaandika "tembo". Hakuna. Akaandika "pembejeo". Nne. Akaandika, akafuta, akaandika tena, na shingo yake ikaanza kutoka jasho. Mjumbe mmoja akauliza ule muhtasari wa mwaka wa viwavi ungepatikanaje basi. Nikafumba macho kidogo, nikataja tarehe, nikaufungua. Wakanipigia makofi.

Nimekula ugali mkubwa leo. Kesho au keshokutwa nitairudisha tiki, somo limeeleweka.

Jumatatu, 18 Novemba

Sijairudisha.

Amekuja mama wa Zagayu, Ng'washi, mjane wa Shija Ngassa. Makamo, miguu imepasuka, kitenge safi. Alisimama mlangoni bila kujua aende meza ipi, nikamwita upesi kabla hajaitwa na mwingine.

Habari yake ni hii. Umoja wetu ulikuwa na shamba kubwa kule, wakaligawa kwa wanachama. Shija alipewa ekari nane. Sasa Shija amefariki, na mdogo wake, Bujiku, anadai shamba ni lake, kwamba yeye ndiye aliyemwazima marehemu tu. Nakala waliyokuwa nayo nyumbani imeliwa na mchwa. Tarehe kumi na mbili Desemba wanasimama mbele ya baraza la kata.

"Bila karatasi hawanisikilizi, mayu," alisema. "Bujiku anajua kusema. Mimi najua kulima."

Nikamwuliza ni mwaka gani. Akasema mwaka tembo walipovuka mara ya pili. Nikafumba macho. Elfu mbili kumi na tatu, nikamwambia, vikao vya mwaka huo ni vingi, rudi baada ya wiki mbili utaikuta tayari. Harieth naye akajaribu kule kwake, akaandika "Shija Ngassa". Hakuna hata moja. Nikatabasamu ndani kwa ndani.

Jumanne, 19 Novemba

Binti anahangaika. Ameifuta indeksi yote akaianzisha upya. Imeshinda kutwa inazunguka. Akitafuta kwenye folda ya manunuzi anapata, kwenye folda ya magari anapata, Mihtasari hapati. Anauma kalamu. Kila mahali anatazama isipokuwa pale, kwa sababu pale anakumbuka alishapaweka sawa kwa mkono wake. Mtu hatafuti kilichopotea kwenye mfuko aliokwisha kuukagua.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua nzuri, saa mbili mfululizo. Watu wameanza kupanda.

Alhamisi, 28 Novemba

Wiki hii nimeisoma yote elfu mbili kumi na tatu. Kikao kimoja kimoja, mstari kwa mstari, macho yanawasha. Ugawaji wa mashamba upo, majina yapo, Shija Ngassa hayupo. Nimesoma na elfu mbili kumi na nne, kwa hofu. Hayupo.

Haijawahi kunitokea. Nilirudi mwanzo nikasoma vichwa vya ajenda vyote vya miaka miwili kwa sauti ya chini, Harieth akanitazama, akaniletea maji. Nilitamani anikejeli, ningepata pa kushika.

Jumatatu, 2 Desemba

Ng'washi amerudi. Nikamwambia sijaona. Hakukasirika, akageuka taratibu akamfuata Harieth. "Na wewe mwanangu, mashine yako?"

Hapo ndipo ningeweza kusimama. Niseme nimekumbuka kitu, niende pale, kubonyeza mara tatu. Lakini nikafikiri: mashine ikipata nilichoshindwa mimi, nani tena atakuja kwangu? Nikainama nikapanga klipu za karatasi kwenye kopo.

Harieth amemwambia faili zetu ni za aina ya zamani, labda ndiyo maana hazisomeki, na atazigeuza zote ziwe za aina mpya, moja baada ya nyingine. Elfu moja mia nne na kumi na mbili. Mjane akamshika mikono yote miwili.

Alhamisi, 5 Desemba

Amefikia mia sita. Anakuja kabla ya mfagiaji. Macho mekundu. Kazi hiyo yote haisaidii kitu, kila faili mpya akiihifadhi kwenye folda ileile badala ya ile ya zamani nayo inazaliwa imefungwa. Mimi peke yangu ndiye ninayelijua hilo, na nakunywa chai.

Leo alikuwa anaongea na mama yake kwenye simu, akaacha Kihaya akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie: "Hapana mama, sijaonewa. Nipo na mama mmoja hapa ananivumilia sana."

Nilitoka nje nikasimama chini ya upenu mpaka bodaboda mmoja akaniuliza naelekea wapi.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nimepanda pamba yangu, mistari kumi na nane, udongo umelowa vizuri. Nilipofika mstari wa mwisho nikawaza mtu anayetazama mvua hii na hana pa kuingiza jembe. Nikajiambia ni mambo ya baraza, hayanihusu. Nilijiambia mara nyingi.

Jumanne, 10 Desemba

Ng'washi alikuja kabla hatujafungua. Bujiku ameshaingiza ng'ombe wa kulimia, nusu ya ekari nane imegeuzwa. Vijana wake wamesimama mpakani na fimbo. Amemwambia Ng'washi akitaka kulima arudi kwao alikotoka kuja kuolewa.

Harieth amemaliza kugeuza faili zote jana, sikukuu, peke yake ofisini. Akaandika jina. Hakuna. Akaandika tena. Akaweka mikono usoni akalia, mbele ya mjane, mbele yangu, mbele ya Bwana Onesphory aliyekuwa anapita na kikombe.

"Nisamehe mama. Ni kosa langu, mimi ndiye niliyesema nitaweza. Keshokutwa nitakuja mwenyewe barazani niwaeleze kwamba karatasi ipo, ofisi ndiyo imeshindwa kuipata."

"Watakucheka," Ng'washi alisema.

"Wanicheke."

Ng'washi akamfuta machozi kwa pembe ya kitenge chake. Yeye ndiye anayenyang'anywa shamba, na ndiye aliyekuwa anambembeleza mwenzake. Wote wawili wakawa wanatazamana na mimi nipo pembeni kama kabati.

Nimeona wivu hata wa hilo. Mungu wangu, nimeona wivu wa watu wanaolia. Nilipofika nyumbani sikuweza kusonga ugali.

Jumatano, 11 Desemba

Nimefika saa moja kamili, nikamkuta mfagiaji tu, maana Harieth hana tena faili za kumwamsha mapema. Nikakaa dirishani. Sifa za folda, kule ndani, kiboksi kitupu. Nikaweka tiki. Ikauliza kama izihusu na faili zote. Ndiyo. Ikaanza kusoma.

Harieth alipoingia nilikuwa nimesharudi kwangu. "Jaribu tena," nikamwambia, "mashine nyingine zinataka kupumzishwa." Upuuzi mtupu, lakini akajaribu. Akaandika "tembo". Zikaja tatu, halafu tano, halafu tisa. Akanyanyuka kwenye kiti. "Mama Mayige! Inasoma!"

Saa tatu ngurumo ikapiga upande wa hospitali na umeme ukakata.

Sijawahi kukaa ofisini kama nilivyokaa leo. Mvua inapiga bati, hatusikilizani. Ng'washi, aliyerudi asubuhi kungoja, yupo kwenye benchi, viatu amevishika mkononi. Harieth anatazama taa ya ukutani. Mimi nahesabu: wiki nne nilikuwa na uwezo wa kufanya hivi, wiki nne zenye umeme, na nimechagua siku hii. Saa nne. Saa tano. Saa sita Ng'washi akasema kwa upole kwamba basi la mwisho la kwao linaondoka saa kumi, na mvua hii huenda lisisubiri. Saa saba na nusu taa ikawaka. Tukangoja tena, namba ya faili zilizosomwa inapanda, mia tatu, mia saba, elfu.

Saa tisa na dakika kumi Harieth akaandika "Shija Ngassa".

Faili moja. Septemba elfu mbili kumi na mbili, kikao cha mbegu. Ajenda ya tisa, Mengineyo: "Ndugu Shija Ngassa wa Zagayu amegawiwa ekari nane mashariki ya mfereji, ziwe zake na familia yake. Ndugu Bujiku Ngassa ameshuhudia." Chini kabisa: Mwandishi, Apolonia Mhoja. Mimi.

Nilisimama pale mpaka miguu ikauma. Tembo walivuka Februari elfu mbili kumi na tatu, hesabu yangu ilikuwa sahihi. Ila Ng'washi ni mkulima, na mwaka wa mkulima unaanza na mvua, hauanzi na kalenda ya ukutani. Kikao cha Septemba cha kugawa mbegu ni cha msimu ule ule wa tembo. Hata mtoto wa Zagayu angelijua hilo. Mimi mwenyewe nililijua zamani, nilipokuwa bado nasikiliza watu kabla ya kufumba macho.

Nikaichapa, nikagonga mhuri, nikakunja. Ng'washi aliipokea, akaenda kwa Harieth, akapiga goti kushukuru. "Wabeja, mwanangu. Wabeja sana." Kwangu aliinamisha kichwa kwa heshima, kama anavyoaga mtu yeyote. Akakimbia kwenye matope na karatasi ndani ya blauzi.

Alhamisi, 12 Desemba

Mvua. Hakuna habari.

Ijumaa, 13 Desemba

Habari imefika. Bujiku amesomewa jina lake mwenyewe kama shahidi. Baraza limemtoa shambani. Ng'washi anaruhusiwa kupanda, ila wiki mbili nzuri zimeshampita, na upande uliolimwa na Bujiku umelimwa vibaya. Atavuna, lakini atavuna pungufu. Hilo pungufu ni langu.

Jumatatu, 16 Desemba

Bwana Onesphory alituita wote wawili. Alitaka kujua kwa nini kitu kilichofanya kazi tarehe nane kilikufa mwezi mzima. Nilikuwa nimeshaandaa la kusema kuhusu umeme wa Bariadi.

Harieth akanitangulia. "Ni tiki, meneja. Kuna kiboksi nilisahau kukiweka sawa kwenye folda. Uzembe wangu."

Meneja alimtazama kwa masikitiko ya kweli. Akasema basi mkataba utaisha mwisho wa mwezi kama ulivyo, kule kuongezewa mwaka walikokuwa wamekuzungumzia asahau.

Kwenye korido nikamshika mkono. "Hukusahau."

"Najua, mama. Niliiweka siku ile umekaa karibu yangu. Ijumaa nilipokagua nikaona folda imebadilishwa Jumatano asubuhi, na mimi nilikuwa bado sijafika."

"Kwa nini hukusema?"

 Ana sura ya kitoto akisita. "Mimi nitapata kazi nyingine. Ningekutaja, wewe ungebaki na nini?"

Nilimwacha amesimama. Nimekasirika kuliko siku zote za msimu huu. Angenitukana, tungelingana. Amenihurumia, na huruma yake amenipa bure, kama ile sahani ya michembe. Hata wema wake nauonea wivu, maana nimejitazama vizuri na kwa upande wangu siuoni.

Jumanne, 17 Desemba

Leo nimechapa barua, ukurasa mmoja. Nimeandika kama ninavyoandika mihtasari, bila mapambo: tarehe kumi na tatu Novemba, saa saba mchana, mimi nilitoa tiki, nilijua, mjane alikuja mara tatu nikiwa najua, Bi Harieth hakukosea popote. Nimeihifadhi ndani ya folda ya Mihtasari ili isije ikasemekana haikuwahi kuwepo.

Harieth alikuwa ameenda benki. Nikakaa dirishani, nikataka kuona kama inaonekana. Nikaandika jina langu kwenye kisanduku cha kutafutia.

Nilitegemea faili moja. Ikaja hiyo, juu kabisa, kwa kuwa ndiyo mpya. Chini yake zikaanza kumiminika nyingine, zikajaza kioo, nikashusha, zikajaa tena. Mwandishi, Apolonia Mhoja. Mwandishi, Apolonia Mhoja. Vikao vya mbegu, vya dawa, vya misiba, vya mwaka wa viwavi na mwaka wa trekta. Namba ikasimama kwenye elfu moja mia nne na kumi na tatu. Mashine niliyoichukia msimu mzima haikuwa imeniondoa hata kwenye ukurasa mmoja, na katika faili zote hizo, iliyokuwa inanitia aibu ilikuwa moja.

Nikalia kidogo, sikuona haya. Kisha nikachapa nakala mbili, moja nikaiweka kwenye meza ya Harieth, nyingine nikaenda nayo kwa meneja. Mlango ulikuwa wazi, na nikaingia.